UZI: Mwaka mmoja juu ya paa mtaani Umoja, Nairobi, na darubini ya mtumba

Mpandapaa:
Wandugu, heri ya mwaka mpya 2026. Mwaka jana niliropoka hapa kwamba nikimaliza miezi 12 ya kukesha juu ya paa nitaleta ripoti. Basi deni ni deni. Daftari liko mbele yangu, limejaa madoa ya chai, na kurasa za Aprili zimegandana kwa mvua. Nitaandika kwa vipande, maana mtoto akiamka naitwa.

Nianze na kilichonipandisha. Mnakumbuka tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilipoanguka kijijini Mukuku, Makueni? Upana wake mita 2.5, uzani kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mama yuko upande huo wa Makueni. Alinipigia simu akauliza swali moja tu: "Kuna nyingine inakuja?" Mimi fundi wa friji, ningejuaje? Usiku huo nikapanda paa kutazama, na ukweli ni kwamba sikupanda kwa elimu, nilipanda kwa woga.

Sikuona chuma. Niliona Zuhura magharibi, inang'aa hadi nikadhani ni ndege inakuja kutua. Zohali jirani yake, Mshtarii juu, na baadaye Mirihi nyekundu upande wa mashariki. Sayari nne, katikati ya Umoja, na mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa juu ya mlingoti, ikiwaka mita mia moja kutoka kwangu! Nilikuwa nimeishi kwenye ploti ile miaka sita.

Wakati huo ndipo zile meseji za kusambazwa zilipoanza, eti sayari zitapanga mstari, jambo ambalo halijatokea tangu Nuhu. Sayari hukaa kwenye mstari siku zote. Zote zinalizunguka jua karibu katika bapa moja, kama mbegu zilizoanikwa kwenye ungo, na sisi tumo humo humo kwenye ungo. Kilichokuwa kizuri Januari ile ni kwamba nne zilionekana kwa macho matupu kwa wakati mmoja. Inatosha, haihitaji Nuhu.

Mzee wa Rongai:
Endelea kijana. Huku kwetu taa ni chache kidogo lakini mbwa ni wengi.

Mpandapaa:
Sasa kipande cha vifaa, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu nilipoteza pesa.

Nilianza na darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za milimita 50) kutoka soko la Gikomba, jicho moja lina kuvu. Hiyo ndiyo nimetumia zaidi mwaka mzima, niamini. Februari nikaona tangazo la darubini ya kioo ya milimita 130, mkono wa pili, na stendi yake kubwa yenye vyuma vya kuzungusha na jiwe la kusawazisha. Muuzaji (simtaji) aliniapia kwamba imekamilika. Nilipofika nyumbani lenzi moja ya macho haikuwemo. Hilo nilimeza. Kilichoniua ni stendi.

Stendi ya aina ile inataka uelekeze mhimili wake kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, ukiinua kwa digrii za latitudo ya mahali ulipo. Aliye London anainua digrii 51, mambo yananyooka. Sisi Nairobi tuko digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo mhimili unalala chali, karibu sambamba na sakafu. Jiwe la kusawazisha likizunguka linagonga mguu wa stendi. Kitabu cha maelezo kinasema kwa upole, "tafuta Nyota ya Kaskazini." Nyota ya Kaskazini! Kwetu imezama kwenye upeo, nyuma ya maghorofa ya Kasarani na Mlima Kenya wenyewe. Usiku wa tatu wa kugongwa vidole nikaifungua stendi yote nikaiweka chini ya kitanda.

Fundi seremala mmoja wa Ngong Road aliniokoa. Nilimchorea sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya ubao, na pande mbili za kubeba mtungi wa darubini ili upande na kushuka. Akaniuliza, "Hii ni ya kuku?" Nikamwambia ni ya nyota. Akanitazama kidogo, akasema basi tutumie formika ili iteleze vizuri. Siku mbili, kazi safi. Unasukuma kwa mkono, inakaa ulipoiacha. Mpaka leo.

Binti Pangani:
Haha "hii ni ya kuku". Swali: si utaonekana unachungulia madirisha ya watu?

Mpandapaa:
Umegusa kidonda. Wiki ya kwanza tu, jirani wa ghorofa ya nne, ng'ambo ya barabara, alimpigia landilodi akasema kuna mtu anawapiga picha watoto wake wakilala. Landilodi akapanda, soja akapanda, na yule mama mwenyewe akavuka barabara akapanda, amefunga leso kiunoni kabisa. Sikubishana. Mwezi ulikuwa umefika nusu, nikaulenga nikamwambia, "Mama, angalia wewe kwanza."

Alikaa pale dakika nzima. Ukitazama mwezi nusu, kwenye mpaka wa mwanga na giza, mashimo yanatupa vivuli virefu, unaona kingo na vilele kama mtu aliyechimba kwa kijiko. Alipoinuka alisema tu, "Kumbe una makovu." Kisha akamwita mumewe kwa simu. Tangu usiku ule yeye ndiye anayepanga foleni. Ukiruka foleni unapambana naye, si na mimi.

Machi. Tarehe 1 jioni, Ramadhani ndiyo inaingia, nilikuwa nimemtembelea rafiki yangu Eastleigh. Mwezi mwandamo ulikuwa mwembamba kama ukucha, umelala kama mtumbwi (kwetu mwezi mchanga hulala chali, hausimami kama ule wa kwenye picha za Wazungu), na juu yake Zuhura. Nilikuwa na ile darubini ya macho mawili kwenye begi la mgongoni, nusu kwa ajili ya majigambo. Nikamwonyesha babake rafiki yangu, mzee wa miaka sabini na kitu. Alipotazama Zuhura akanirudisha: "Hapana, nataka ile nyota, si mwezi." Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo nyota." Zuhura nayo ilikuwa hilali! Iko ndani ya mzunguko wetu, na ilipokuwa ikisogea kupita kati yetu na jua ikabaki na ukingo mwembamba tu wa mwanga. Hilali mbili jioni moja, kubwa ya macho na ndogo ya darubini. Mzee alisema maneno ya kumsifu Mungu polepole, halafu akaniagizia sambusa.

Kufikia tarehe 23 Machi Zuhura ilikuwa imepita upande wa pili, ikawa nyota ya alfajiri.

Aprili ilikuwa mvua. Usiku mwema mmoja, na hata huo sikumbuki niliona nini.

Mpandapaa:
Naendelea, mtoto amelala.

Mei ndiyo iliyonibadilisha, na sababu yake ni stima kupotea. Ilikuwa saa tatu usiku, mvua imetoka kunyesha jioni, hewa imeoshwa. Mtaa mzima, pu! Mulika mwizi ikazima. Watu wakaanza kupiga kelele kama kawaida, mimi nikakimbilia ngazi.

Nilitazama kusini: Salibu, ule msalaba wa nyota nne, umesimama wima juu ya Industrial Area. Nikageuka kaskazini: nyota saba za Dubu Mkubwa, sufuria limepinduliwa, mkia unaning'inia. Zilikuwa karibu kimo kimoja, huku na huku, na mimi katikati nikigeuza shingo kama mtu anayetazama tenisi. Wale walioko Ulaya hawaioni Salibu. Ndugu zetu wa Cape Town, sufuria lile hawalipati lote. Sisi, kwenye paa la mabati, tunavipata vyote viwili kwa mpigo, kila Aprili na Mei, saa tatu usiku, halafu tunalalamika kwamba Nairobi hakuna anga.

Hasira ilinishika hapo, nakiri. Vitabu vyote nilivyosoma vinaandikwa na mtu aliyesimama kwingine. Vinaniambia Jabari, lile kundi la nyota la mwindaji mwenye mshipi, husimama wima. Jabari kwetu huchomoza akiwa amelala ubavu, na usiku wa manane mwezi Desemba mshipi wake unapita utosini kabisa, unavunja shingo kumtafuta. Tangu Mei hiyo niliacha kufuata michoro yao, nikaanza kuchora yangu kwenye daftari. Ni mibaya, lakini Jabari amelala anavyolala.

Kabla stima kurudi nikaielekeza ile ya macho mawili juu kidogo ya Salibu, upande wa kushoto, nikapata kijipamba kilichofifia. Omega Centauri. Ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, umbali wa kama miaka ya nuru 17,000. Kwenye darubini ya kioo ulianza kuchangukachanguka kingoni, kama unga uliomwagika kwenye kitambaa cheusi. Dakika arobaini na kitu, kisha taa zikarudi na watu wakashangilia. Nadhani nilikuwa mtu pekee Umoja aliyenung'unika.

Nahodha wa Amu:
Ndugu, sisi tuliolelewa pwani tuna majina ya hizi zote. Suheli, Kilimia, Shira. Babu alikuwa akisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Je, umekitafuta?

Mpandapaa:
Nahodha, umeniwahi, hilo lilikuwa linakuja. Nilikitafuta Mei nikakikosa. Soja wetu ni Mmaasai wa Kajiado, mtu mzima, ana shuka na rungu na redio ndogo. Nikamwuliza kama kwao wanavijua vile vijinyota vilivyosongamana. Akacheka. Akaniambia ni kama ng'ombe sita wanaofuatana. Vikitoweka, mvua kubwa imekwisha. Vikirudi, ni baada ya manyunyu. "Sasa vimeenda kulala na jua," akasema, "wewe unavitafuta wapi?"

Na ndivyo ilivyo hasa. Katika Mei jua linapita upande ule wa anga, kwa hiyo Kilimia kinazama nalo na kuchomoza nalo. Mwisho wa Juni soja akanigongea mlango saa kumi na moja alfajiri, anakaribia kumaliza zamu. Wingu lilikuwa limepasuka upande wa Embakasi, na ng'ombe sita hao, wametoka. Kilizama kwa mvua, kimezuka kwa jua (kama ile baridi ya Juni ya Nairobi inaweza kuitwa jua). Babu wa Amu na soja wa Kajiado hawajawahi kukutana.

Julai wote mnaijua. Blanketi la wingu kutoka Jumatatu hadi Jumatatu. Daftari linasema usiku tatu tu. Ndiyo maana Jumamosi tarehe 26 tulichanga mafuta, watu wanne kwenye Probox, tukashika Magadi Road. Siri ambayo ningependa kila mtu wa Nairobi aijue: wingu lile la Julai mara nyingi linakaa huku juu. Ukipita Kiserian, ukavuka bega la Ngong, barabara ikianza kushuka bondeni, hewa inapata joto na anga inafunguka. Sisi ilifunguka kabla hatujafika Olorgesailie.

Tuliposhuka garini, upande wa kusini-mashariki kulikuwa na kitu cheupe kimepanda kutoka kwenye upeo hadi juu yetu. Mimi nikatukana. Nikasema, "Wingu limetufuata mpaka huku!" Mwenzangu mmoja akawasha tochi (aliipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe ili isituharibie macho), akatazama ramani, akatazama juu, akanyamaza. Ilikuwa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota zisizohesabika. Nilikuwa na miaka 37 na nilikuwa sijawahi kuiona. Nge, lile kundi la nyota, alikuwa juu yetu na mkia wake umekunjwa ndani ya ule weupe, na katikati kulikuwa na mifereji meusi, vumbi linaloficha nyota za nyuma. Darubini haikutoka garini kwa saa nzima.

Mzee wa Rongai:
Mimi nimezaliwa Kitui, tulikuwa tunaiona kila siku tukienda chooni. Ninyi watoto wa taa mnatia huruma.

Mpandapaa:
Kweli mzee.

Agosti tarehe 12 Zuhura na Mshtarii zilikutana alfajiri, chini ya digrii moja kati yao. Wingu. Tarehe 13, wingu, kisha dakika nne za uwazi. Niliziona, zimetengana kidogo, moja kali moja tulivu. Basi.

Sasa Septemba 7. Jumapili. Hii nilikuwa nimeipigia debe ploti nzima: mwezi utapatwa wote, na kwetu utaonekana mwanzo hadi mwisho, jioni, saa ambazo hata watoto wako macho. Mama mboga wa lango alifunga kibanda mapema. Watu wa ploti jirani walileta viti vya plastiki. Nilihesabu watu 43 kisha nikaanza kuogopa paa.

Saa moja na dakika 27 kivuli kikaanza kuuma ukingo. Watoto wakapiga kelele. Wingu jembamba likapita, roho ikanidunda, likaondoka. Saa mbili na nusu mwezi ukazama wote kivulini, ukawa rangi ya shaba kuukuu, rangi ya sufuria iliyokaa jikoni miaka mingi. Na kelele zikaisha. Sikutarajia hilo. Watu 43 wa Umoja, Jumapili usiku, kimya.

Mvulana mmoja akauliza mbona hauzimiki kabisa kama uko kivulini. Nikamwambia: ungekuwa umesimama pale mwezini sasa hivi ukitazama huku, ungeona Dunia nyeusi na duara la moto pembeni yake. Huo ni mwanga wa jua unaopita kwenye kingo za hewa yetu. Hewa inautawanya ule wa samawati, mwekundu unapenya, unapindwa, unafika mwezini. Kila mahali duniani ambapo jua linachwa au kuchomoza dakika hii ndipo wekundu ule unapotoka. Akafikiri. "Hata la Kisumu?" Nikasema la Kisumu limeshazama muda, labda la mbali zaidi magharibi. Akaonekana kusikitika kwa ajili ya Kisumu.

Dakika 82 za wekundu. Nyota zilizofichwa na mwanga wa mwezi zikajitokeza, na mashariki yake Zohali. Saa tatu na dakika 52 ukingo ukawaka tena, mweupe mkali, na watu wakapiga makofi kama matatu iliyofika salama.

Binti Pangani:
Mimi nilikuwa kwenye jam ya Thika Road usiku ule. Dereva alizima redio tukatazama dirishani. Sitasahau.

Mpandapaa:
Na baada ya sifa zote hizo nikaaibika. Wiki mbili baadaye Zohali ilikuwa katika nafasi bora ya mwaka, nikawaita tena: njooni mwone pete! Foleni hadi kwenye ngazi. Wa kwanza akatazama, akasema, "Ziko wapi?"

Nilijua, lakini nilijidanganya. Mwaka 2025 pete za Zohali zilitugeuzia ubavu. Kila baada ya miaka kama 15 hivi tunaziona kwa ukingo, na ni nyembamba mno. Tarehe 23 Machi zilikuwa ubavu kabisa, na Septemba zilikuwa zimefunguka kidogo sana. Kwenye lenzi yangu ulikuwa mstari mwembamba umepita kwenye kimpira. Yule mvulana wa Kisumu akatoa hukumu: "Huu ni mshikaki wa andazi moja." Jina likabaki. Galileo, yule mtazama nyota wa zamani wa Italia, naye alipotea hapo hapo: aliona vijitu pembeni mwa Zohali mwaka 1610, mwaka 1612 vikatoweka, hakuelewa vimeenda wapi. Nikawaeleza hilo. Jirani mpanga foleni akaniambia huyo Galileo naye hakupaswa kuwaita watu.

Zitafunguka vizuri mwanzoni mwa miaka ya 2030. Nimeandika kwenye daftari, nina deni.

Oktoba na Novemba mvua fupi. Nyotamkia Lemmon ilipita jioni za mwisho wa Oktoba, mimi niliona mabati yakichuruzika maji.

Ya mwisho ni Desemba. Wikendi ya Jamhuri tulirudi Olorgesailie kwa vimondo vya Jemini. Tukiwa tunasubiri giza likomae nikawaambia wenzangu habari ya setilaiti iitwayo Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani tu, na ikapewa jina hilo kwa sababu ya siku yenyewe, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vilisaidia kuwaonyesha wanasayansi kwamba kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Hakuna aliyekuwa amesikia. Tulisoma historia ya Kenya miaka 12!

Usiku wa tarehe 13 kuelekea 14 tulilala chali kwenye turubai, fisi wakilia mbali (wengine walirudi garini). Hesabu yangu kati ya saa tano na saa saba usiku: 71. Vingine vyeupe, vingine vya manjano, vyote vikitoka upande mmoja kaskazini. Ni vumbi la mwamba wa angani uitwao Phaethon, punje ndogo tu zikiungua. Kimoja kilipita kirefu kikaacha moshi unaong'aa, nikaona vivuli vyetu kwenye turubai kwa nukta moja. Nilimpigia mama simu saa hiyo hiyo ya usiku. Akapokea kwa hofu: "Imeanguka?" Nikamwambia hapana mama, ni vidogo, haviwezi kufika chini, toka nje tu utazame kaskazini. Nikasikia mlango wa bati. Akakaa kimya muda. Kisha: "Kimoja... Cha pili... Subiri, usikate."

Mwezi ulichomoza karibu saa nane, tukafunga turubai.

Nahodha wa Amu:
Uzi mtamu. Mwaka huu kuna nini?

Mpandapaa:
Sasa hivi Mshtarii, inachomoza jua likizama, na miezi yake minne unaiona hata kwa ile darubini ya Gikomba ukiegemeza viwiko. Halafu tarehe 28 Agosti mwezi unapatwa tena kwa sehemu. Kwetu utaanza kuliwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama ukiwa hivyo hivyo, umeliwa, nyuma ya Ngong. Itabidi paa liwe wazi upande wa magharibi.

Binti Pangani:
Nakuja. Ploti gani?

Mpandapaa:
Njoo inbox nikuelekeze. Mlango wa juu kitasa chake kimeharibika, ukipanda weka tofali usijifunge. Na foleni utamkuta mwenyewe.